Kadi ya hadi diski inazima XT nzima: niitengeneze, nitafute nyingine, au nihamie XT-IDE?

KahawaMoshi
Wakuu, salaam. Nina kompyuta ya zamani, IBM XT 5160, ya marehemu baba, yenye hadi diski ya Seagate ST-225 ya MB 20. Imekaa stoo miaka mingi. Juzi nimeiwasha, feni ikajitikisa mara moja ikanyamaza. Nikaanza kuchomoa kadi moja moja. Ilipotoka ya kontrola ya hadi diski, mashine ikaamka, ikahesabu memori, ikatua kwenye BASIC ya ROM (lugha ya programu iliyo ndani ya mashine yenyewe, bila diski). Nikiirudisha tu, kimya.

Naona njia tatu: kuitengeneza kadi hii, kuagiza kontrola nyingine ya zamani ya MFM (mfumo wa kuandika data wa diski hizi za zamani), au kuachana na hayo yote nifunge XT-IDE, kadi ya kisasa ya kontrola, na CompactFlash, kadi ndogo ya memori badala ya diski. Ipi ina nafuu?

Njugu8088
XT-IDE mkuu, usijitese. Inaingia sloti ya biti 8, programu ya ROM yake ni ya bure, na CompactFlash haina kelele. Mimi nilifunga mwaka jana, sijaigusa tena. Hizo ST-225 zinalia kama cherehani bovu.

MzeeWaDOS
Njugu, umejibu kabla ya kuuliza. KahawaMoshi, ndani ya diski kuna kitu unakitaka?

KahawaMoshi
Kipo, mzee wangu. Barua za baba alizoandika kwa WordStar, programu ya zamani ya kuandikia, na hesabu zake za shamba. Vinginevyo ningeshaiuza kwa vyuma chakavu.

MzeeWaDOS
Basi XT-IDE peke yake haikusaidii, hiyo haizungumzi na diski za MFM hata kidogo. Na kuagiza kontrola nyingine kuna mtego. Diski hizi hufomatiwa na kontrola yenyewe, na kila mtengenezaji alikuwa na mpangilio wake wa kuandika sekta. Ukifunga kadi ya aina nyingine, mara nyingi itaiona diski kama tupu au mbovu, na hapo ndipo mtu hushawishika kuifomati upya. Barua za mzee zimekwenda. Labda upate modeli ile ile, nayo itakuja na uzee ule ule.

fundi_redio
Mnabishana na hakuna aliyepima. Feni kujitikisa na kufa ni dalili ya shoti, pawa saplai inajizima kujilinda. Toa kadi nje, weka mita kwenye omu. Upande wa B ni ule usio na vipuri, na B1 ndiyo iliyo karibu na bati la nyuma. Ncha moja B1, hiyo ni ardhi. Nyingine gusa B3 (volti 5), kisha B9 (volti 12). Leta namba.

KahawaMoshi
B3 inasoma omu 140 hivi. B9 ni 0.7.

fundi_redio
Umeshaipata. Kwenye laini ya volti 12 kuna kapasita ya tantali, kitone kama punje ya harage, mara nyingi cha njano au cha machungwa. Zikizeeka hupiga shoti. Inyanyue mguu mmoja, pima tena. Usirudishe ya volti 16, weka ya 25 au 35. Sasa sikiliza vizuri: kwenye tantali, alama huonyesha mguu chanya, lakini kwenye kapasita ya mkebe mstari huonyesha hasi. Ukichanganya hizo mbili, itakulipukia. Mimi nyusi zangu zilishaungua mara moja, inatosha.

BintiMvita
Kaka, unapoijaribu usiichomeke sloti ya nane, ile jirani kabisa na pawa saplai. Kwenye XT sloti hiyo ina masharti yake na kadi nyingi hazifanyi kazi humo, utadhani bado ni mbovu. Meno ya kadi yapitishe kifutio cha penseli, kisha spiriti.

Ikipona, mimi ningefunga na XT-IDE pembeni yake. ROM ya kontrola za MFM kwa kawaida inakaa kwenye anwani ya memori C800, hivyo ya XT-IDE ipeleke D000 zisigombane. Halafu unakopi kila kitu kabla diski haijakata roho.

Njugu8088
Haya, yaishe, nimekubali. Diski ikigoma kabisa, kuna ubao unaofungwa juu ya BeagleBone (kompyuta ndogo ya ubao mmoja) unaosoma MFM mbichi bila kontrola. Lakini anza na hiyo harage.

KahawaMoshi
Mrejesho, wakuu. Ilikuwa tantali ya mikrofaradi 10. Nilipoinyanyua mguu, B9 ikaruka hadi maelfu ya omu. Nimeweka ya volti 35. Kuwasha mara ya kwanza: 1701, namba ya kosa la hadi diski! Moyo ukanidunda. Kumbe ule utepe mwembamba wa pini 20 niliuchomeka kinyume, mstari mwekundu haukuwa upande wa pini ya 1. Nikaugeuza, diski ikapiga cherehani yake, C:\> hiyo hapo.

XT-IDE nimeshaagiza, Njugu usinune. Barua zipo, ila karibu zote zina tarehe 01-01-80. XT haina saa ya ndani, na mzee alikuwa anabonyeza Enter tu ikimuuliza tarehe. Nazifungua moja moja nijue ipi ilitangulia.