Mzani umegoma (grupu la "Wajukuu wa Bibi")

JUMAPILI USIKU

Zuhura: jamani naomba mnisikilize kabla hamjaanza utani wenu. leo nimepanda mzani 84.2, wiki iliyopita 84.2, ile ya kabla yake 83.9. miezi minne natembea kila asubuhi dakika 45, soda nimeacha, sukari nimeacha, usiku nakula kama ndege halafu mzani unanitolea macho kama vile namdai 😭

Zuhura: *kama vile ananidai. hata kuandika nimechoka

Mjomba Salum: Zuhura mwanangu wewe ukilala kuna mtu anaamka anafungua friji 😂😂

Juma: mjombaaa 😂😂😂

Zuhura: nilijua tu

Shangazi Tatu: Pole mwanangu. Mie nina ile dawa ya unga unakoroga na maji ya moto usiku, siku tatu tu tumbo limesafishika. Nilipungua kilo 3.

Zuhura: zikarudi lini shangazi

Shangazi Tatu: Zilirudi wiki ile ile. Lakini nilipungua.

Juma: nimeanguka kwenye kochi

Neema: shangazi shikamoo. hizo kilo 3 ni maji na kilichokuwa tumboni, dawa ya kuharisha haichomi mafuta hata punje, ukinywa maji zinarudi. pakti imeandikwa nini ndani yake?

Shangazi Tatu: Marahaba. Imeandikwa asilia. Basi.

Neema: hapo sasa ndo pananitisha. hizi za "asilia" zimeshakamatwa mara nyingi zina sibutramini imechanganywa kimyakimya. ni dawa ya kupunguza hamu ya kula, Ulaya na Marekani waliiondoa sokoni 2010 kwa sababu ya moyo, inapandisha presha na mapigo. na wewe shangazi una vidonge vya presha kabatini

Shangazi Tatu: Ujumbe huu umefutwa

Neema: nimeshausoma shangazi 😅 usimpe jirani, tupa

Neema: Zuhura tuachane na mzani kidogo. ukiacha uzito kuna nini kingine mwilini

Zuhura: weee usinianzishe. baridi, yaani wenzangu ofisini wanajipepea mi nimevaa sweta. choo siku ya nne ndo nabahatika. siku zangu (mjomba funga macho) zinaenda siku tisa na ni nzito balaa hadi dokta alinipa vidonge vya madini ya chuma. nywele nikichana zinabaki kwenye chanuo mafungu mafungu. na usingizi, juzi nimelala kwenye kiti saa nane mchana na simu iko sikioni naongea na mteja

Juma: dada hiyo kitaalamu inaitwa uvivu

Mama Zuhura: Juma.

Juma: samahani mama

Neema: hiyo orodha uliyoandika, kwenye kitabu chetu cha maabara ina jina. tezi ya shingo, thairoidi. ndo inayoamua mwili uende kwa spidi gani, ikilegea kila kitu kinalegea, joto, utumbo, nywele, hata akili inakuwa na ukungu

Shangazi Tatu: Goita? Mbona shingo haijavimba

Neema: sio lazima ivimbe shangazi

Zuhura: Neema nilipima mwezi wa pili. TSH 1.8. dokta akaniambia homoni zako ziko sawa kabisa dada punguza mdomo. hivyo hivyo, "punguza mdomo". nikashuka ngazi nalia mlinzi akadhani nimefiwa

Neema: pole sana aisee. TSH ni homoni ya ubongo inayoisukuma tezi ifanye kazi, tezi ikilegea yenyewe inapanda. 1.8 kweli ni nzuri, maabara nyingi kawaida inaanzia 0.4 hadi 4 hivi. ulikuwa unatumia dawa yoyote wakati ule?

Zuhura: hapana

Neema: hata vitamini

Zuhura: si vile vya nywele tu

Neema: vipi vya nywele. piga picha

Zuhura: 📷 Picha

Neema: mamaaa. biotini mikrogramu 10,000 kila siku?? mtu mzima kwa siku anahitaji kama 30

Zuhura: si ni vitamini, ziada inatoka na mkojo

Neema: inatoka ndiyo, ila kabla haijatoka inaharibu kipimo. mashine nyingi za homoni zinatumia biotini hiyo hiyo kama ndoana ya kuvulia kile tunachopima, sasa damu ikiwa imejaa biotini ya vidonge ndoana zinajaa kabla samaki hajafika, TSH inasomeka ndogo kuliko ilivyo. sio kila mashine, na siwezi kuapa ndo kilichotokea kwako. ila ona mzunguko wenyewe, nywele zinakatika labda kwa sababu ya tezi, unanunua dawa ya nywele, dawa ya nywele inaficha tezi

Zuhura: subiri nisome tena

Zuhura: nimesoma mara tatu. nataka kupiga ukuta ngumi

Neema: usipige. acha hivyo vidonge siku mbili tatu kamili halafu karudie, TSH na FT4 (homoni ya tezi yenyewe), na uombe wapime kingamwili za TPO, zile zinazoonyesha kinga ya mwili inaishambulia tezi. na umwambie dokta KWA MDOMO WAKO kwamba ulikuwa unameza biotini wakati wa kipimo cha kwanza, asipoambiwa hawezi kujua

Zuhura: sirudi kwa yule

Mama Zuhura: Utaenda kwa mwingine. Mimi nakusindikiza.

IJUMAA

Zuhura: majibu. TSH 14.6. FT4 iko chini. TPO imepita kiwango cha juu kabisa karatasi nzima ina alama za mshale. dokta huyu mpya mama mmoja mtulivu ameniambia ni Hashimoto

Mjomba Salum: Hiyo si ni karate?

Neema: 😂 ni jina la dokta mjomba, Hakaru Hashimoto, Mjapani, ndiye aliyeielezea mwaka 1912. kinga ya mwili inaishambulia tezi yenyewe taratibu miaka na miaka

Mjomba Salum: Mwanangu ile ya friji naifuta.

Zuhura: haifutiki mjomba nimeshapiga skrinshoti

Juma: kwa hiyo akimeza dawa anapukutika kilo zote au?

Neema: hapo ndo nataka niwe mkweli na mtanichukia. hapana. tezi ikilala huwa inaongeza kama kilo 2 hadi 5 na nyingi yake ni maji na chumvi. Zuhura akitaka kushuka 20 hizo nyingine bado ni kazi. tofauti ni kwamba sasa atafanya kazi na gari lenye mafuta, sio kulisukuma

Zuhura: asante kwa kunivunja moyo saa mbili usiku

Neema: sikuvunji. unakumbuka zile dayeti zako za matone na supu tupu, ulizofanya mara ngapi?

Zuhura: nne. tano ukihesabu ya harusi ya Rukia

Neema: basi sikiliza. mafuta ya mwili yanatoa homoni inaitwa leptini, iligunduliwa 1994, inauambia ubongo akiba ipo tulia. tumbo lina yake inaitwa ghrelini, inapiga kelele njaa njaa. ukijinyima vibaya leptini inaporomoka ghrelini inapanda. Waaustralia walitoa utafiti 2011, walichukua watu 50 wakawapa dayeti kali wiki 10, wakawapima tena baada ya mwaka mzima, homoni za njaa bado zilikuwa hazijarudi sawa. MWAKA. kwa hiyo ile njaa yako ya saa tano usiku baada ya dayeti haikuwa tabia mbaya

Zuhura: miaka yote hii najiita mlafi

Mama Zuhura: Hukuwa mlafi.

Rukia: nimechelewa nilikuwa nalaza mtoto. da Zu pole. mi yangu haikuwa tezi ilikuwa ovari, PCOS, yaani homoni za ovari zimevurugika. siku zangu miezi mitatu haziji, ndevu kidevuni nanyoa kwa siri asubuhi mume hajaamka, na insulini, ile homoni ya sukari, ilikuwa juu mwili hauisikii. nimeanza na kilo 88 nimeshuka 6 TU kwa miezi saba na siku zikarudi zenyewe. dokta aliniambia hata asilimia 5 hadi 10 ya uzito inatosha kubadilisha mambo, usikodolee macho kilo 20

Zuhura: Rukia hukuwahi kusema

Rukia: ningesema wapi, hapa kwa mjomba na friji lake? 😂 kilichonishtua mi ni shingo, kwa nyuma ngozi ilikuwa nyeusi nene kama velveti nikadhani ni uchafu nikasugua na dodoki mpaka ikachubuka. kumbe ndo insulini hiyo

Mjomba Salum: Shingo nyeusi kwa nyuma?

Rukia: eeh mjomba

Mjomba Salum: Nauliza tu.

Juma: mjomba inua kola tuone

Mjomba Salum: Juma una adabu wewe?

Neema: mjomba njoo inboksi

WIKI TATU BAADAYE

Zuhura: naacha. nawaambia kabisa. dawa ya tezi nimemeza siku 20, nimepungua gramu 300 na hizo najua ni nguo. usingizi uko pale pale

Neema: unakimezaje kile kidonge

Zuhura: asubuhi tumbo tupu kama walivyosema, na maji

Neema: na cha madini ya chuma?

Zuhura: hapo hapo, navimeza pamoja nisisahau

Neema: Zuhura!!! chuma kinaikamata levothairoksini, hiyo dawa yako ya tezi, tumboni inapita zake choo. tenganisha masaa 4. kalsiamu vilevile. cha tezi peke yake, maji, nusu saa au saa nzima ndo ule

Zuhura: hakuna aliyeniambia

Neema: kwenye karatasi ya ndani ya boksi ipo

Zuhura: nani anasoma ile karatasi ina maandishi ya kuchanjia sisimizi

Mama Zuhura: Nitakupigia saa kumi na moja alfajiri kila siku. Unameza nikisikia.

Zuhura: mama nina miaka 38

Mama Zuhura: Saa kumi na moja.

Neema: na TSH usiipime kesho, wiki 6 hadi 8 ndo inatulia, dozi ikibadilika unahesabu upya. damu haina haraka kama sisi

Juma: da Zu mi najua vyuma vya mazoezi tu lakini acha kupanda mzani kila siku. wanga wa akiba mwilini kila gramu moja inashika maji kama gramu 3, kwa hiyo ukila chumvi jana au siku zako zinakaribia unapanda kilo nzima hujafanya kosa lolote. nunua futi ya fundi cherehani pima kiuno usawa wa kitovu mara moja kwa wiki. na njoo tubebe vyuma mara mbili kwa wiki, sikuchoshi, misuli ndo inabaki ukipungua

Zuhura: wewe uliyeniita mvivu

Juma: nilisamehewa na mama

Mama Zuhura: Bado.

WIKI YA TISA, JUMAMOSI

Zuhura: 📷 Picha

Zuhura: TSH 3.1. dokta anasema dozi ibaki hapo hapo turudi kuangalia tena. mzani 81.4. najua sio kitu kwa wenye mashindano yao lakini kiuno sentimita 5, na jana ofisini NILIFUNGUA DIRISHA. mimi. wote wakageuka kuniangalia

Rukia: 🥹🥹🥹

Shangazi Tatu: Hongera mwanangu. Ile dawa nimemwaga chooni choo kikaziba.

Juma: 😂😂😂😂

Neema: mjomba utasema au niseme

Mjomba Salum: Nasema mwenyewe. Nilipima ile ya sukari ya miezi mitatu, HbA1c, imetoka 6.1. Wanasema kisukari kinaanzia 6.5 kwa hiyo niko mlangoni sijaingia. Shingo niliyoificha na kola miaka kumi ndiyo iliyonishtaki. Nimeambiwa nitembee na usiku nipunguze. Kwa hiyo sasa ninyi wote mnajua nani alikuwa anafungua friji.

Zuhura: mjomba 😂😭

JUMATATU, 05:02

Mjomba Salum: Zuhura niko nje getini. Nimevaa raba.

Zuhura: mjomba tulisema saa kumi na mbili

Mjomba Salum: Mama yako ameshakupigia?

Zuhura: ameshanipigia, nimemeza

Mjomba Salum: Basi vaa viatu, kula baadaye. Na usinitembeze kwa kasi, mie goti.