Naomba ushauri: Mustang ya 1967 inayosemekana ni gari la majaribio la kiwandani. Nilipe bei wanayotaka?

Mtanga_Michigan (mtoa mada)

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni fundi bodi, mzaliwa wa Tanga, mwaka wa kumi na moja sasa niko huku Michigan. Jirani yangu, mzee aliyestaafu Ford, alifariki mwaka jana, Mungu amrehemu. Mjane wake anauza Mustang ya 1967 iliyolala bandani miaka mingi. Milango miwili, paa gumu, injini ya V8 ya 390 (inchi za ujazo), kijani iliyopauka. Mzee alikuwa maabara ya injini pale Dearborn, na maisha yake yote alimwambia mkewe kuwa hilo ni gari la majaribio, kwamba lilipangiwa kusagwa naye akalinusuru.

Bibi anataka dola 45,000. Ingekuwa Mustang ya kawaida katika hali ile, sakafu imeliwa na kutu na madigadi mawili ni ya kutupa, nisingevuka 18,000. Na hizo 45,000 ndizo akiba yangu yote, pamoja na hela ya kiwanja cha Pongwe.

Kinachoninyima usingizi ni hiki. Kibati cha mlangoni, kile chenye namba za gari, hakipo, kimeng'olewa. Lakini juu ya injini, kwenye manifoldi ya kuingizia hewa, nilifuta grisi kwa kitambaa nikakuta maandishi yanayoanza na XE. Nimeyapapasa kwa kidole: yametoka pamoja na chuma kilipomiminwa, hayakugongwa baadaye. Mwenye kujua anisaidie. Bibi amenipa wiki mbili.

Kusi_Houston

Mkuu, usilidharau hilo gari. Mimi niko Texas, na huku ndiko ilikopatikana Little Red mwaka 2018. Hiyo ilikuwa Mustang ya majaribio ya 1967 ya Shelby, kampuni iliyokuwa ikiziongezea Mustang nguvu, nyekundu, paa gumu kama hiyo yako. Ndiyo iliyozaa wazo la California Special, toleo maalumu la Mustang la 1968. Kwa miaka mingi watu wote waliamini ilishasagwa. Kumbe ilikuwa imekaa nje shambani, majani yameizunguka, haina hata injini yake. Craig Jackson, yule wa kampuni ya mnada wa magari ya Barrett-Jackson, na wenzake waliipata baada ya kuacha kuitafuta kwa namba ya Shelby, wakaifuata kwa namba ya chesisi ya Ford.

Kwa hiyo magari haya yapo. Ningekuwa wewe ningetoa walau kishika uchumba asije mwingine akalibeba.

Binti_Makorora

Kaka, kishika uchumba cha nini wakati hata namba ya chesisi hajaisoma? Mume wangu alipoteza pesa nyingi kwa gari lililouzwa kwa maneno. Muuzaji hakuwa mwongo, aliyaamini aliyoambiwa, na sisi tukaamini kwa kuwa tulimheshimu. Usitoe hata senti kwa sasa.

Mzee_wa_Spea

Mtoa mada, shikamoo haziliwi hapa, twende kwenye chuma. Nimeuza spea za Ford hapa Ohio zaidi ya miaka ishirini.

Kwanza elewa kwamba "gari la majaribio" si kitu kimoja. Kuna lililotengenezwa kwa mkono kabla mfano haujaamuliwa. Pontiac, tawi la GM, walikuwa na Banshee mwaka 1964, wakati John DeLorean akiwa mhandisi wao mkuu: moja la fedha lenye silinda sita, jingine jeupe la wazi lenye V8. GM wakauzima mradi kwa hofu ya kuiumiza Corvette, gari lao jingine la michezo, lakini magari yenyewe yakabaki. Kuna la pili, lililopita kwenye laini ya kiwanda kabla ya uzalishaji kamili. Mustang yenye namba 5F08F100001 ni ya namna hiyo. Ilifika Newfoundland, Kanada, wakala akamuuzia rubani mmoja, Stanley Tucker, na Ford walipoitaka irudi ikabidi wampe Mustang nyingine mpya. Kuna la tatu: gari la kawaida kabisa ambalo wahandisi walilichukua wakalifungia vitu vya kupima. Green Hornet ya 1968 ni hivyo. Ilianza kama Mustang ya kawaida, ikafungwa mfumo wa kuingiza mafuta kwa umeme na sasipensheni huru ya nyuma. Na la nne, ambalo ndilo ninalokutana nalo mara nyingi, ni gari la mfanyakazi tu.

Sasa fungua boneti. Namba ya chesisi imegongwa juu ya bati la ndani la digadi la kushoto, upande wa dereva. Ukifungua madigadi utaikuta tena imejificha chini yake, pande zote mbili. Zote zikubaliane. Yako inatakiwa ianze na 7, maana yake 1967. Halafu herufi ya kiwanda: F ni Dearborn, R ni San Jose, T ni Metuchen. Halafu 01 kwa paa gumu, halafu herufi ya injini. Kwa 390 ni S. Ukikuta C au A pale, injini ile imehamia, haikuzaliwa humo.

Ukiwa na namba hiyo mwagizie ripoti Kevin Marti. Ana leseni ya Ford ya kumbukumbu za uzalishaji kuanzia modeli za 1967, una bahati gari lako limeingia mwaka wa kwanza kabisa. Kibati cha mlangoni hakikuzuii. Ripoti itakuambia tarehe lilipotengenezwa na lilikoagizwa. Tazama namba ya wilaya ya maagizo. Ikiwa 84 ni akiba ya ofisi kuu, yaani lilibaki mikononi mwa kampuni.

XE umeisoma sawasawa. Ford waliiweka kwenye sehemu za majaribio za uhandisi. Ila inasema manifoldi ni ya majaribio, haisemi gari. Manifoldi hutoka kwa boliti. Tafuta karibu na maandishi hayo tarehe ya kumiminwa: tarakimu ya mwaka, herufi ya mwezi, halafu siku. A ni Januari, B Februari, na kuendelea, ila herufi I wameiruka.

Binti_Makorora

Asante mzee kwa darasa. Kaka Mtanga, nina neno jingine. Ikitokea ni la kweli, mwambie huyo bibi. Ameondokewa, anauza kitu cha mumewe kwa jirani anayemwamini. Usinunue kwa 18,000 kitu unachojua kina thamani mara kumi.

Mtanga_Michigan

Dada, hilo nimeshalikata moyoni. Nikilijua mimi na yeye atalijua siku hiyo hiyo. Ripoti nimeagiza.

Mtanga_Michigan

Wakuu, mrejesho.

Namba zote tatu zinakubaliana: 7, F, 01, S. Ripoti imekuja. Lilitoka Dearborn tarehe 14 Machi 1967, na wilaya ya maagizo ni 84. Nilisoma ile 84 nikasimama wima. Nikachukua tochi na brashi ya waya nikaenda bandani. Tarehe ya manifoldi ni 8A17.

Mzee_wa_Spea

Basi jibu unalo. 17 Januari 1968. Gari lilikuwa na miezi kumi barabarani manifoldi ilipomiminwa, kwa hiyo halikuondoka nayo kiwandani. Na hiyo 84 isikupandishe, magari mengi ya kawaida kabisa yalipita kwenye akiba ile. Nionavyo mimi, mzee alinunua gari lililokuwa la kampuni, kisha akaleta manifoldi kutoka maabara akaifunga mwenyewe. Lipa bei ya Mustang ya kawaida yenye 390 halisi ya kiwandani, basi.

Mtanga_Michigan

Nilikaa na bibi jana mezani kwake, nikamtandikia ripoti na picha za tarehe. Nilimweleza polepole, maana nilikuwa nagusa maneno ya marehemu. Alinyamaza muda mrefu, akauliza: "Kwa hiyo hicho cha juu ya injini alikitengeneza yeye?" Nikamwambia sijui kama ni mikono yake, lakini kimetoka maabara, na yeye ndiye aliyekuwa maabara.

Tumekubaliana 19,000. Manifoldi ameomba abaki nayo. Leo asubuhi nimeifungua, nimeiosha kwa mafuta ya taa mpaka XE ikaonekana vizuri, nikampelekea. Ameiweka sebuleni chini ya picha ya mumewe.

Mzee wa Spea, kama una manifoldi ya kawaida ya 390, ya tarehe za mwanzo wa 1967, nitumie bei pamoja na nauli ya kuifikisha huku.