Je, Martha alimwonea Ingrid? Mjadala wa The Room Next Door

Kibatari: Nimeitazama sinema ya Pedro Almodóvar, The Room Next Door, ile iliyotwaa tuzo ya Simba wa Dhahabu kwenye tamasha la filamu la Venice mwaka 2024. Martha, mwandishi wa habari za vita, ana saratani na tiba imegonga mwamba. Anamwomba Ingrid, rafiki waliyepoteana miaka mingi, wakakae wote kwenye nyumba ya kupanga msituni. Siku Ingrid akikuta mlango wa chumba umefungwa, ajue mwenzake ameshameza kidonge cha kujiua. Je, hakumwonea? Mimi nasema alimwonea. Halafu rafiki wa miaka bila salamu, akisikia unaumwa ndiyo anakuja mbio, huyo amekuja kutuliza dhamiri yake tu.

Nyota ya Jioni: Hilo la mwisho limenichoma. Mimi ndiye huyo aliyekuja mbio. Tuligombana na mwenzangu kwa jambo la kipuuzi, nikaja kumkuta kitandani hawezi kushika kijiko. Hakuniuliza nilikuwa wapi. Alinionyesha kiti nikae. Dhamiri yangu wewe umeionea wapi?

Mzee wa Hoja: Turudi kwenye mada. Hispania waliruhusu kisheria mgonjwa kusaidiwa kufa mwaka 2021, na sinema ni ya Mhispania. Ingrid aliogopa nini?

Kibatari: Mzee wangu, hadithi iko New York, si Hispania. Kidonge kilinunuliwa mtandaoni kwa magendo. Hukumwona yule polisi alivyombana Ingrid? Umefiwa, na kesi juu!

Tulizana: Acheni niseme kama mgonjwa. Waliokuwa wananipigia kila wiki, nilipoanza mionzi simu zao zilikatika. Aliyekuja ni mtu niliyesoma naye zamani, akawa ananisomea gazeti mpaka nasinzia. Na Martha aliwaomba wengine kwanza, wakakataa. Ingrid anakiogopa kifo hata amekiandikia kitabu, na ndiye aliyekubali. Mnamwita ameonewa, kana kwamba hakuwa na mdomo wa kusema hapana.

Mzee wa Hoja: Unamkataliaje anayekufa? Ile asubuhi mlango umefungwa, Ingrid amevunjika kabisa, kisha Julianne Moore anatokea mzima, kumbe ni upepo. Hapo nilimchukia.

Tulizana: Aliyetokea ni Tilda Swinton, yule anayeigiza Martha. Moore ndiye Ingrid.

Nyota ya Jioni: Kibatari hajanijibu. Anajibu ya polisi tu.

Kibatari: Nakujibu, dada. Kaka yangu aliugua muda mrefu. Kila jioni aliulizia marafiki zake watatu, kwa majina. Wote walikuja mazishini, mmoja akashika kipaza sauti akalia mbele za watu. Nikikusoma namwona yule.

Nyota ya Jioni: Pole sana kwa kaka. Lakini mimi nilifika akiwa hai, nikamwosha miguu kwa mikono yangu. Wale watatu watafute uwaambie wenyewe. Mimi usinitwike yao.