Tupeane uzoefu: Rejeta ya hita inayovuja kwenye magari ya zamani

Mbeya_FJ40

Wakuu, uzi huu ni wa rejeta ya hita tu, ile ndogo inayojificha nyuma ya dashibodi, maji ya moto ya injini hupita humo ili hewa ya ndani ya gari ipate joto. Ukichangia, taja gari, rejeta imekaa wapi, inatokaje na nini huiua. "Peleka kwa fundi" tunaijua wote.

Naanza na uchunguzi, maana hita inasingiziwa sana. Dalili zake ni kulanti (maji ya dawa ya kupozea injini) kupungua bila tone chini ya gari, kioo cha mbele kuota ukungu wenye mafuta ambao kitambaa kinausambaza tu badala ya kuufuta, na kapeti kulowa upande wa abiria. Kapeti peke yake si ushahidi. Maji ya AC ni safi na hayanuki kitu. Maji ya mvua hupenya chini ya waipa: mwaga ndoo moja taratibu pale injini ikiwa baridi, uone kama kapeti inalowa. Kulanti inateleza ukiisugua kati ya vidole na ina harufu tamu. Isionje mtu, ni sumu, na ukiimwaga usiiache kwenye beseni uani, mbwa na watoto huvutwa na utamu wake.

Ushahidi kamili ni presha. Funga pampu ya kupimia mdomoni mwa rejeta kubwa injini ikiwa baridi, koki ya hita (inayoruhusu maji ya moto kuingia humo) ikiwa wazi, upandishe hadi namba iliyoandikwa kwenye mfuniko. Mfuniko wa Toyota wa 0.9 ni kama 13 kwa kipimo cha presha cha psi, usivuke hapo. Acha dakika 15. Mshale ukishuka na nje kukavu, tenga hita: unganisha zile hozi mbili kwa kipande cha bomba la shaba la milimita 16, kisha pima tena. Presha ikikaa, mwenye kosa umempata.

Kwenye Land Cruiser FJ40 kumbuka kuna gari zenye hita mbili. Ya mbele iko chini ya dashibodi, ya nyuma imekaa sakafuni na mabomba yake ya chuma yanapita chini ya bodi, yanapopigwa na tope na kutu. Watu hufumua ya mbele nzima wakati tundu liko kwenye bomba la nyuma. Lala chini na tochi kwanza.

lehemu_na_shaba

Mkuu umesema kweli kuhusu kusingiziwa. Nyongeza upande wa kutoa: rejeta nyingi za hita za zamani haziuawi na kutu, zinauawa siku ya kuchomoa hozi. Mpira wa miaka mingi umegandia kwenye mdomo wa shaba, fundi anaukamata na plaizi na kuuzungusha, lehemu ya shina la mdomo inapasuka. Rejeta iliyokuwa na tundu moja inatoka na mawili.

Hozi ya zamani haichomolewi, inachanwa. Legeza klampu, chukua wembe wa kukatia zulia, chana hozi kwa urefu sentimita 3 hivi juu ya mdomo bila kukandamiza hadi kuchora shaba, kisha ifunue na bisibisi butu. Hozi mpya ya ndani milimita 16, mita 2, na klampu 4 za saizi 16–27 vinatosha gari nyingi za Kijapani na Kiingereza. Pima mdomo wako kwanza, usinunue kwa kukisia.

Ikishatoka, iangalie kabla hujaamua. Ya shaba inatengenezeka, ya alumini yenye vichwa vya plastiki haichomewi kwa lehemu ya risasi, hiyo ni ya kubadilisha. Kwenye ya shaba tafuta ukoko wa kijani au mweupe. Ukiwa kwenye shina la mdomo au kwenye mshono wa kichwa, ni kazi ndogo: safisha hadi shaba ing'ae, paka flaksi (dawa inayofanya lehemu ishike), chomea, kisha oshea flaksi yote kwa maji ya moto, kwa sababu ile asidi ikibaki itaendelea kula kimya kimya. Ukoko ukiwa katikati ya mapezi (vile vibati vyembamba vya kutolea joto), gusa mapezi kwa kidole. Yakimomonyoka, achana nayo. Mirija imekwisha, ukiziba mmoja leo wa jirani utatoboka kesho.

Kupima: ziba mdomo mmoja kwa kizibo cha mpira, mwingine weka hewa psi 15 kwa pampu ya mkono, zamisha kwenye beseni. Kompresa ya kujazia tairi bila rigaleta (kidhibiti cha presha) inaipasua rejeta nzima mbele ya macho yako.

SeriesIII_Arusha

Land Rover Series III: hakuna kufumua dashibodi. Boksi la rejeta limefungwa kwenye ukuta wa injini upande wa boneti, feni iko pembeni na inasukuma hewa kuelekea humo. Hozi mbili, boliti chache, mfereji wa hewa, imetoka. Kazi yote iko kwenye boliti zenye kutu, zipige mafuta ya kulegezea tangu jana yake.

Kinachosahaulika ni sponji. Kati ya rejeta na boksi kuna sponji inayozuia hewa kupita pembeni. Ikiwa imeoza na usirudishe, hewa inapita penye nafasi badala ya kupenya kwenye mapezi, unapata hita isiyo na joto kisha unailaumu rejeta mpya. Tumia sponji isiyonyonya maji, unene milimita 6 hadi 10. Hapo hapo toa majani na viota vya panya.

W123_Limuru

Wazee, kwa Mercedes W123 (1975 hadi 1986) habari ni nyingine. Hapa redieta ya hita iko ndani kabisa na dashibodi yote lazima itoke. Tenga wikendi nzima, na usianze kama gari unalihitaji Jumatatu.

Mpangilio ambao hauleti majuto: toa waya hasi wa betri. Kama gari ni la mwisho mwisho na lina begi la hewa kwenye usukani, usiguse usukani kabla hujafuata utaratibu wa kitabu. Usukani wa kawaida unatoka kwa kung'oa nembo ya katikati, boliti ni heksagoni ya ndani ya milimita 10. Weka alama ya nafasi yake kwenye shafti kabla hujauvuta. Halafu vifuniko vya chini ya dashibodi, sanduku la glavu, redio, konsoli ya kati na vibao vya mbao.

Paneli ya saa haina skrubu. Imeshikwa na mpira tu, inavutwa kwa kulabu mbili nyembamba zinazopitishwa pembeni, kushoto na kulia kwa zamu, milimita chache kila upande. Na hapa ndipo penye mtego: geji ya presha ya oili haitumii waya. Kuna kijibomba chembamba kinacholeta oili yenyewe kutoka kwenye injini hadi nyuma ya geji. Ukivuta paneli kwa nguvu kinakunjika au kinavunjika, na siku ukiwasha injini oili itamwagika kwenye miguu ya dereva. Vuta kiasi mkono uingie nyuma, fungua kebo ya spidi, kisha fungua nati ya kijibomba kwa spana huku umeweka kitambaa chini.

Dashibodi yenyewe imekaushwa na jua miaka arobaini. Usiitoe asubuhi ya baridi ya Limuru. Iache gari juani saa moja au mbili plastiki ilainike, halafu ishikwe na watu wawili, mmoja kila mlango. Nyufa nyingi hutokea pale ambapo skrubu moja imesahaulika na mtu anavuta. Ikigoma, kuna skrubu. Hakuna dawa nyingine.

Skrubu zipange kwenye trei ya mayai, kila shimo na hatua yake, na piga picha kila kiunganishi cha waya. Ukishafika kwenye boksi la hita, badilisha kila mpira uliojificha humo, safisha injini ya feni, kagua vifuniko vya hewa na kebo zake. Kipande cha hozi cha bei ya soda kikivuja baada ya mwezi, unarudi mwanzo kabisa.

Kwenye zile zenye hita ya kujiendesha kwa umeme, hita ikikaa moto muda wote si lazima redieta ihusike. Valvu ya umeme inayoruhusu maji ya moto kuingia kwenye hita hufungwa na umeme. Ukikatika au kiwambo chake kikichanika, inabaki wazi na joto linapita.

Pwani_504

Sisi wa Dar na Mombasa hita ya nini? Kwenye Peugeot 504 watu wanaziba tu hozi na maisha yanaendelea.

lehemu_na_shaba

Kaka, kuziba na kuzungusha ni vitu viwili. Injini nyingi za zamani hutumia njia ya hita kuzungusha maji ya moto wakati thamostati (kilango kinachozuia maji kwenda rejeta kubwa hadi injini ipate moto) bado imefunga. Ukiziba hozi zote mbili kwa boliti, unaua mzunguko huo na thamostati inaweza kuchelewa kupata habari ya joto. Unganisha inayotoka na inayorudi kwa kipande cha shaba, kama mkuu alivyoeleza kwenye kupima presha.

Ila ukipanda nayo Njombe au Mbeya asubuhi ya Julai utaitafuta. Ile hewa kavu ya moto ndiyo inayofuta ukungu kwenye kioo, si suala la miguu kupata joto. Na kwenye mita 1,700 maji yasiyo na presha yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa hiyo mfumo unaovuja presha pwani unaweza kuvumilika, mlimani unachemsha.

umeme_wa_gari

Hakuna aliyeuliza kwa nini ilitoboka. Rejeta mpya ikifa ndani ya mwaka mmoja, sababu za kwanza kuangalia ni tatu.

Maji ya bomba. Hayana kinga ya kutu, yanaacha magadi, na mirija ya hita ndiyo myembamba kuliko yote kwenye mfumo.

Mfuniko mbaya. Mtu anakosa wa 0.9 dukani anachukua wa 1.1 au 1.3 "kwa sababu unabana vizuri". Sehemu dhaifu ndiyo inayolipa, na mara nyingi ni hita. Gasketi ya hedi (ile kati ya bloku na kichwa cha injini) iliyoungua nayo hufanya hivyo hivyo, inasukuma gesi ya silinda kwenye maji.

Umeme unaopita kwenye kulanti. Weka mita kwenye volti za DC, waya mweusi kwenye hasi ya betri, mwekundu uchovye kwenye kulanti mdomoni mwa rejeta bila kugusa chuma. Pima injini ikiwa imezimwa, pima wakati mwenzako anapiga stata, kisha washa taa, feni na redio kimoja kimoja. Ikizidi volti 0.3, kuna tatizo. Ikiruka wakati wa stata, waya wa athi (wa kurudisha umeme kwenye hasi) kutoka injini kwenda kwenye bodi au betri umechoka. Ikiruka ukiwasha feni, athi ya feni ndiyo. Ikisoma hata vitu vyote vikiwa vimezimwa na waya chanya wa betri umetolewa, kulanti imegeuka asidi, imwage.

Pwani_504

Nimekubali mkuu. Na wale wanaoweka bizari, yai au pilipili manga kwenye rejeta ili izibe?

umeme_wa_gari

Inaziba kweli, shida haichagui. Kinachoziba tundu kinaziba na mirija, na inaanza na ile myembamba. Kama ni kufika nyumbani kutoka porini, unganisha hozi mbili za hita zenyewe kwa zenyewe, ni dakika kumi na haiachi uchafu.

Mbeya_FJ40

Nimalizie kujaza, maana hapa kazi nzuri huharibika.

Osha mfumo kabla ya kufunga rejeta mpya, hozi zikiwa bado zimezungushwa kwa lile bomba la shaba. Ukifunga kwanza ndipo uoshe, kutu yote ya bloku (mwili wa injini) inaenda kukaa kwenye mirija mipya. Fungua koki ya rejeta na ya bloku pia. Ya bloku mara nyingi imezibwa na tope gumu, ichokoe na waya.

Nusu kwa nusu: mfumo wa lita 10 unahitaji lita 5 za kulanti isiyochanganywa na lita 5 za maji yasiyo na madini. Lakini bloku haimwagiki yote, lita kadhaa za maji ya kuoshea hubaki ndani. Kwa hiyo tanguliza lita 5 za kulanti zote, kisha maji hadi ijae. Ukichanganya nje kwanza, ndani unapata maji zaidi ya nusu. Maji ya betri yanafaa, ila soma chupa: dukani yanakaa rafu moja na asidi ya betri na chupa zinafanana.

Kwa rejeta ya shaba na risasi, kulanti ya mtindo wa zamani yenye silikati (kinga ya kutu) ndiyo salama, ibadilishwe kila miaka 2. Usiamini rangi, kila kiwanda kina kijani chake.

Hozi mpya kwenye mdomo wa shaba: lowesha kwa kulanti, sukuma bila kuzungusha, klampu ikae nyuma ya kile kivimbe cha mdomo. Kaza hadi mpira uanze kutokeza kidogo kwenye matundu ya klampu, hapo hapo simama.

Egesha gari pua juu, hita kwenye joto la mwisho, jaza polepole. Legeza hozi ya hita iliyo juu kuliko zote hadi itoke kulanti bila mapovu, ifunge, washa injini, iache ipande hadi thamostati ifunguke, kisha ishikilie kwenye mizunguko 2,000 hivi dakika chache. Gusa hozi mbili za hita. Zote zikiwa moto, inayorudi ikiwa nafuu kidogo, maji yanapita. Moja moto na nyingine baridi ni hewa imekwama au koki haijafunguka. Kebo ya koki kwenye FJ40 huteleza kwenye kibano chake, mkono wa dashibodi unasogea na koki imelala.

Dashibodi isirudishwe siku hiyo. Endesha kilomita 20 au 30 na karatasi kavu imetandazwa chini ya boksi la hita, iache ipoe usiku kucha, kwa sababu vivujo vingine hutokea chuma kikishasinyaa. Asubuhi angalia karatasi, ongeza kulanti iliyoshuka, ndipo ufunge skrubu.

W123_Limuru

Kwa W123 sahau kuendesha bila paneli ya saa. Rudisha pampu ya presha, hadi namba ambayo mfuniko wako unasema, usiku mzima, karatasi chini. Na kile kijibomba cha oili kirudishwe au kizibwe kabla mtu hajapiga stata.