Kuhamia LibreOffice kwa kazi ya kuandika ya kila siku, faili za wateja zitapona kweli?

kalamu_kavu
Wakuu habari zenu. Mimi naishi kwa kuandika, ripoti, makala, na kuhariri kazi za watu. Programu ninayolipia kila mwezi juzi malipo yalichelewa siku 2 tu ikanifungia, yaani nafungua ripoti yangu mwenyewe naisoma vizuri lakini kuongeza hata koma siwezi, na mteja anaisubiri asubuhi ileile. Iliniuma sana, nimeiandika mwenyewe neno kwa neno halafu nazuiwa kuigusa. Nikainstoli LibreOffice, programu ya ofisi ya bure, usiku huohuo. Sasa kufungua ripoti ya kurasa 40 niliyotumiwa na mhariri zimekuwa 43, majedwali yamekatika katikati, kichwa cha habari kimebaki chini ya ukurasa peke yake. Na wahariri wangu wote wanarudisha docx (faili ya Word) yenye masahihisho ya rangi na komenti pembeni. Kuna anayekula kwa kalamu na amehama kabisa? Sio kujaribu wikiendi, naongelea kazi ya kila siku.

mama_tafsiri
Pole sana kaka. Mimi natafsiri kwa LibreOffice mwaka wa sita huu. Hizo kurasa 3 kabla hujalaumu programu angalia fonti, yaani aina ya mwandiko. Weka kishale cha kuandikia kwenye aya ya kawaida halafu tazama kule juu jina la fonti, kama limeandikwa kwa herufi za kulala maana yake fonti hiyo kwenye kompyuta yako haipo, umewekewa nyingine, na ikiwa na herufi pana kidogo tu mstari unajaa mapema na ukurasa unasukuma ukurasa. Calibri na Cambria zina mapacha wa bure, Carlito na Caladea, zimetengenezwa makusudi ziwe na upana uleule, kwa hiyo mistari inakatika palepale. Tatizo ni Aptos, ndiyo Word inaanza nayo siku hizi, ilitangazwa 2023.

kalamu_kavu
Dada nimeangalia sasa hivi, Aptos, na imelala kweli. Asante.

mhariri_wa_zamu
Kuhusu masahihisho usiwe na hofu kubwa, yanaenda na kurudi ndani ya docx na jina la aliyesahihisha linabaki, Ctrl+Shift+C inawasha kurekodi. Kinachoharibu kazi nimekiona mara nyingi ni mtu kubadilisha docx kuwa odt (faili ya LibreOffice yenyewe) kisha docx tena kila raundi, kila ukigeuza kuna kitu kinadondoka, mara namba za orodha mara nafasi kati ya aya. Mimi rasimu zangu zote ni odt mpaka niridhike, nageuza docx mara moja tu siku ya kutuma, kuanzia hapo tunabaki kwenye docx mpaka mwisho. Na ile ya mwisho kabisa natoa PDF ili mpangilio usiguswe. Halafu nakuomba ujifunze mitindo, yaani mwonekano unaouweka mara moja ukautumia kwa vichwa au aya zote, bonyeza F11. Ukikuza vichwa vya habari kwa mkono kimoja kimoja utateseka kwenye programu yoyote ile, ila ukitumia mtindo wa kichwa kuna kisanduku cha kukaa pamoja na aya inayofuata, hicho ndicho kinachozuia kichwa kubaki chini peke yake kama ulivyoona.

tabo_nne
Mimi niseme ukweli sikuhama kote. Nina mteja mmoja ana kiolezo chenye makro zake (amri ndogo zinazojiendesha ndani ya faili), nikikifungua kwenye LibreOffice vitufe vingine havifanyi kazi, basi kazi yake nafanyia kwenye programu anayotumia yeye na zingine zote nafanyia huku. Sioni aibu. Chonde usihame siku una dedlaini.

mama_tafsiri
Nimkumbushe kaka kitu kimoja kuhusu kufungiwa kazi yake. Odt ni fomati ya wazi, ni kiwango cha ISO, shirika la viwango la kimataifa, tangu 2006, na kwa ndani ni faili ya zip tu, yaani mafaili kadhaa yaliyofungashwa pamoja. Kuna sura nzima ya tafsiri iligoma, nikifungua programu inazima, inazima, mara 4 hivi, nikaanza kutetemeka. Nikakopi faili pembeni, nikabadilisha mwisho wa jina kutoka .odt kuwa .zip, nikafungua, ndani kuna content.xml, kuifungua kwa programu ya maandishi ya kawaida kabisa sentensi zangu zote zipo zimebanana na alama za kompyuta. Kusafisha kulinichukua jioni nzima ila sikuandika upya hata aya moja. Kumbe picha moja ndiyo ilikuwa mbovu. Ndiyo maana mimi sirudi nyuma.

kalamu_kavu
Nimemwomba mhariri aweke mwili wote Calibri na kunirushia tena. Kwake kurasa 38, kwangu 38! Jedwali moja tu bado linakatika, la ukurasa wa 17. Makala mpya ya leo nimeianza kwa odt, za zamani naziacha zilivyo kwanza. @mhariri_wa_zamu hicho kisanduku cha vichwa kinakaa wapi, nimefungua F11 sikioni?

mhariri_wa_zamu
Bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya jina la mtindo, chagua kuhariri, nenda kwenye tabo ya mtiririko wa maandishi. Jedwali lako nalo kwenye sifa zake lina tabo kama hiyo, toa tiki kwenye kuruhusu likatike.