MREJESHO: Ile sarafu ya fedha yenye ua la Ontario

Wakuu, niliuliza kama sarafu aliyoniletea binamu kutoka Toronto, yenye ua la trillium, ni ya madini ya fedha kweli, na kama niing'arishe kabla ya kuiuza. Asanteni kwa majibu.

Ni fedha. Sumaku haikuishika, ila hiyo peke yake haitoshi, maana hata shaba haishikwi. Kilichonitoa wasiwasi ni kipimo cha maji. Niliweka glasi ya maji juu ya mizani ndogo, nikairudisha sifuri, kisha nikaizamisha sarafu ikining'inia kwa uzi bila kugusa chini. Mizani ikasoma gramu 3 kasoro kidogo. Sarafu ina gramu 31.1, yaani wakia moja ya troi. Gawanya 31.1 kwa hizo 3 kasoro, unapata kama 10.5, ndio msongamano wa fedha (uzito wake ukilinganisha na maji ya ujazo uleule). Shaba haifiki hata 9.

Ua lenyewe ni nembo ya jimbo la Ontario tangu 1937: petali tatu nyeupe juu ya majani matatu. Ukiinamisha sarafu kwenye taa unaona hadi mishipa ya majani. Kazi safi!

Kusafisha, siigusi. Vile vidoa vyeupe vya pembeni huitwa madoa ya maziwa, na sarafu za fedha za Kanada zinajulikana kwa hilo. Royal Canadian Mint, kiwanda cha sarafu cha serikali ya Kanada, ilileta kinga dhidi ya madoa hayo, MintShield, mwaka 2018.

Bei sasa. Sonara mmoja Kariakoo alitaka kunilipa uzito tu, tena kwa kukata. Binamu amepata cheti na boksi lake, vinakuja na mgeni. Mpaka vifike, siuzi.