Mjadala: Anayeanguka kwenye mruko mgumu akatwe alama ngapi?

Hoja yangu: katika kuteleza kwa mitindo kwenye barafu, kosa moja linaadhibiwa mara tatu. Chukueni Axel (mruko unaoanza kwa kutazama mbele) ya mizunguko minne na nusu ya Yuzuru Hanyu wa Japani, Olimpiki ya Beijing 2022. Thamani ya msingi, yaani alama za mruko kabla ya waamuzi kupima ubora, ni 12.50. Mzunguko wa mwisho ulipungua kwa zaidi ya robo, thamani ikabaki 80%, yaani 10.00. Akaanguka, waamuzi wakampa −5 ya ubora, ngazi ya chini kabisa. Kila ngazi ni 10%, kwa hiyo 5.00 zikaondoka. Kisha ikakatwa 1.00 ya kuanguka. Zilibaki 4.00, wakati Axel ya mitatu na nusu iliyotua salama, bila nyongeza yoyote, ni 8.00!

Mara nyingi mzunguko pungufu ndio unaoangusha: kiatu kinagusa barafu mwili ungali unazunguka, makali hayapati pa kushika. Jopo la ufundi, wale wanaokagua mizunguko, likishapunguza thamani, ile 1.00 iachwe.

JIBU: Ndugu, umesahau tulikotoka. Kabla ya kanuni za 2018, Lutz (mruko mwingine, unaoanza kinyumenyume) ya mizunguko minne ilikuwa 13.60. Ukianguka zinatoka 4.00 za ubora na 1.00 ya kuanguka, unabaki na 8.60. Lutz ya mitatu, hata waamuzi wote wakiipa alama ya juu kabisa, iliishia 8.10. Kuanguka kulilipa kuliko kutua! Leo ya minne ni 11.50, toa 5.75, toa 1.00, unapata 4.75. Ya mitatu iliyotua salama ni 5.90. Hapo hesabu imekaa sawa. Na ile 1.00 si ya mruko, ni ya programu, yaani onyesho zima, iliyokatika. Anayeanguka kwenye hatua za kawaida naye hukatwa.

JIBU: Mnabishania mruko mmoja, adhabu nzito iko kwenye muunganiko, yaani miruko inayofuatana moja kwa moja. Aliyepanga Lutz ya minne ikifuatwa na mruko mwingine, akianguka, ule wa pili umekwenda. Akiirudia Lutz hiyo baadaye peke yake, inakuwa mara mbili bila muunganiko, hivyo inahesabiwa 70%: 8.05. Yaani 3.45 zinapotea kwenye mruko ambao huenda hauna dosari hata moja. Hiyo ndiyo ya kufutwa kwanza.

JIBU: Hapana, hiyo dawa yake ipo mikononi mwa mchezaji. Aunganishe ile Lutz ya pili, 70% haitamgusa. Kuhamisha muunganiko katikati ya programu ni ujuzi, na unafanyiwa mazoezi.

Mimi kinachonikera ni mpaka wa robo. Ukipungua robo kamili, thamani yote inabaki, unaguswa kwenye ubora tu. Ukizidi hapo kidogo, 20% imeondoka: kwa Lutz ya minne ni 2.30 kabla hata ubora haujahesabiwa. Tofauti ni upana wa kidole kwenye barafu, na kamera ikikaa upande mbaya haionekani. Punguzo liende kwa ngazi, 10% kwanza, ndipo 20%.

JIBU: Ngazi mbili ni mipaka miwili ya kubishania badala ya mmoja. Ongezeni kamera kwanza.